PCOS na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwanamke akishaambiwa ana PCOS (polycystic ovary syndrome, hitilafu ya homoni inayovuruga kupevuka kwa mayai), swali lake la kwanza huwa la uzazi: nitapata mtoto? La pili ni saratani, na hili wengi hawamuulizi daktari. Wanalimeza, kisha usiku wanalitafutia jibu kwenye simu. Majibu ya huko mara nyingi ama yanatisha kupita kiasi, ama yanatuliza kupita kiasi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia zaidi. Yale yenye uzito yamejibiwa kwa kirefu, mengine kwa sentensi mbili tatu.

Je, PCOS ni aina ya saratani?

Hapana. PCOS ni hitilafu ya homoni, na inampata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Vile vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye altrasaundi ni vijumba vya mayai machanga vyenye kipenyo cha milimita 2 hadi 9, vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Kila mwanamke wa umri huo anavyo, ila mwenye PCOS anavyo vingi zaidi. Si uvimbe wa saratani, havigeuki kuwa saratani, na hakuna haja ya kuvikata kwa ajili ya kuzuia saratani.

Unaweza hata kuwa na PCOS bila vifuko hivyo kuonekana. Kwa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, mtu anatakiwa awe na mambo mawili kati ya matatu: mayai kutopevuka kwa mpangilio (hedhi ya kurukaruka au isiyokuja), homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Hayo yanahesabiwa baada ya kuhakikisha kwamba si ugonjwa mwingine unaofanana nayo.

Mbona basi daktari ametaja saratani?

Kwa sababu hatari ipo, ila haiko kwenye ovari ambako wengi wanaitafuta. Iko kwenye mfuko wa uzazi, katika ule utando wa ndani unaojengeka na kubomoka kila mwezi kama hedhi. Saratani inayoanzia hapo ndiyo pekee ambayo uhusiano wake na PCOS umeonekana waziwazi, utafiti baada ya utafiti.

Jambo lenyewe si geni. Irving Stein na Michael Leventhal, madaktari wa Chicago, waliuelezea ugonjwa huu mwaka 1935 kutokana na wanawake saba. Mwaka 1957 watafiti Jackson na Dockerty walichapisha taarifa ya wagonjwa 43 wenye hali hiyo, na 16 kati yao walikuwa na saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Idadi hiyo inashtua, lakini isomwe kwa tahadhari: wale walikuwa wagonjwa waliokwisha kufika hospitali kubwa wakiwa na matatizo mazito. Hawakuwakilisha mwanamke wa kawaida mwenye hedhi ya kurukaruka. Hata hivyo ilitosha kuwafanya madaktari waanze kuuliza kwa nini.

Kukosa hedhi kunaletaje saratani?

Jibu hili ndilo linalofungua mengine yote, kwa hiyo tulifuate taratibu.

Katika mzunguko wa kawaida homoni mbili hupokezana kazi. Nusu ya kwanza ni ya estrojeni, ambayo huunenepesha utando wa mfuko wa uzazi. Yai likishapevuka na kutoka, lile ganda linalobaki kwenye ovari huanza kutengeneza projesteroni. Hii huusimamisha ukuaji na kuzikomaza seli. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, utando hubomoka, na mwanamke huona siku zake. Kisha kazi huanza upya.

Kwa mwenye PCOS yai mara nyingi halipevuki. Lisipotoka, ganda halipo, na projesteroni haitengenezwi ya kutosha. Estrojeni yenyewe haikomi. Utando unabaki kama shamba linalomwagiliwa maji kila siku bila kuvunwa. Miezi ikipita hivyo, seli huendelea kugawanyika bila kizuizi, na kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kosa kuingia kwenye vinasaba vyake. Makosa yakilimbikizana, utando unaweza kuneneka kupita kiasi, halafu seli zikaanza kubadilika sura, na hatimaye kwa baadhi ya wanawake zikawa saratani. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka, na ndiyo maana kuna muda wa kutosha wa kuikatiza.

Kuna mambo mawili yanayochochea zaidi. La kwanza ni insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Wanawake wengi wenye PCOS, wakiwemo wembamba, miili yao haiitikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho hutengeneza nyingi zaidi. Insulini nyingi huzisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume, hupunguza ile protini ya ini inayoshika homoni kwenye damu, na pia huzichochea seli za utando moja kwa moja zikue. La pili ni mafuta ya mwilini: tishu za mafuta hubadilisha homoni za kiume kuwa estrojeni. Mwanamke mwenye uzito mkubwa anatengeneza estrojeni sehemu mbili, na projesteroni ya kuipinga hana.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo namba hutumika vibaya. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wenye PCOS wana uwezekano wa kupata saratani hii karibu mara 3 ya wasio nayo. Kwa walio chini ya miaka 54 ilikuwa karibu mara 4. Ukisoma "mara 4" peke yake utakosa usingizi.

Uliza basi: mara 4 ya nini? Kwa mwanamke wa miaka thelathini, saratani hii ni nadra sana. Nyingi hugunduliwa baada ya hedhi kukoma, karibu na umri wa miaka 60. Mara 4 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Ukichukua maisha yote, katika nchi kama Marekani saratani hii huwapata takriban wanawake 3 kati ya 100. Kwa wenye PCOS, makadirio yanayotajwa sana ni kama 9 kati ya 100. Maana yake 91 hawataipata kamwe.

Ndani ya hao 100 nao hatari haikugawanywa sawa. Anayeona siku zake mara tisa au kumi kwa mwaka na uzito wake ni wa wastani hayuko daraja moja na ambaye amekaa mwaka mzima bila hedhi, ana kisukari cha aina ya pili na uzito umepanda sana. Tafiti nyingi haziwatenganishi vizuri watu hawa wawili, na mimi naona hilo ndilo chanzo cha hofu isiyo ya lazima kwa wa kwanza na uzembe wa hatari kwa wa pili.

Na saratani ya ovari? Si ndiko ugonjwa ulipo?

Ni swali la haki, ila jibu lake si safi. Baadhi ya tafiti zimeonyesha ongezeko dogo, nyingine hazikuonyesha lolote. Saratani ya ovari ni nadra kwa vijana, hivyo hata pale ongezeko lilipoonekana, idadi halisi ya wanawake inabaki ndogo. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, hauwataki wenye PCOS wafanyiwe uchunguzi wa mara kwa mara wa saratani ya ovari. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo wengi wenye PCOS huandikiwa, hupunguza hatari ya saratani hiyo.

Saratani ya matiti je?

Ule uchambuzi wa mwaka 2014 haukukuta ongezeko. Fuata ratiba ya uchunguzi wa matiti inayowahusu wanawake wote wa umri wako.

Nimepimwa mlango wa kizazi nikaambiwa niko salama. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa watu wengi hujiaminisha bure. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa karibu yote na virusi vya HPV, na PCOS haihusiki nayo. Kipimo chake huchukua seli za mlango tu. Kinaweza kutoka safi kabisa huku utando wa ndani, juu zaidi, ukiwa na tatizo. Endelea kupimwa mlango wa kizazi kama kawaida, lakini usichukue majibu hayo kuwa jibu la swali hili.

Nikae miezi mingapi bila hedhi kabla ya kwenda hospitali?

Mpaka unaotumiwa na wengi ni siku 90. Ukipita miezi mitatu bila kuona siku zako, huna mimba, hunyonyeshi na hutumii njia ya uzazi wa mpango yenye homoni, onana na daktari. Lengo ni utando ubomoke angalau mara nne kwa mwaka, au ulindwe kwa dawa ili usinenepe kabisa.

Daktari akiona inafaa, atakupa vidonge vya projestojeni (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) vya kumeza kwa siku 10 hadi 14. Ukishavimaliza, damu hutoka ndani ya siku chache. Hiyo si hedhi ya kweli, kwa sababu yai halikupevuka, lakini kwa utando kazi imefanyika. Damu isipotoka, rudi ukaulize sababu.

Muhimu zaidi ni kuandika tarehe. Daftari, kalenda ya ukutani, programu ya simu, vyovyote. Daktari akikuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini na jibu likawa "muda kidogo," amenyimwa taarifa anayoihitaji kuliko picha nyingi za altrasaundi.

Niko kwenye njia ya uzazi wa mpango na sioni siku zangu kabisa. Damu si inajikusanya ndani?

Haijikusanyi. Hofu hii ndiyo inayowafanya wengi waache dawa ambayo ilikuwa inawalinda.

Kuna aina mbili za kutoona hedhi, na zinakaribia kuwa kinyume. Kwa PCOS isiyotibiwa, hedhi haiji huku utando ukiendelea kujengwa na estrojeni. Ukitumia vidonge vyenye homoni mbili, sindano, kijiti, au kitanzi chenye homoni, hedhi haiji kwa sababu utando umebaki mwembamba na hakuna cha kubomoka. Ya kwanza inahitaji matibabu. Ya pili ni matibabu.

Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, ambayo ni aina ya projestojeni, kina nguvu ya pekee hapa kwa kuwa kinaachia dawa palepale kwenye utando. Kitanzi cha shaba ni habari nyingine. Kinazuia mimba vizuri sana, lakini hakina homoni, kwa hiyo usikihesabu kuwa kinaziba pengo la projesteroni.

Dalili zipi zisisubiri?

Damu isiyoeleweka. Inaweza kuwa damu katikati ya mzunguko, baada ya tendo la ndoa, hedhi nzito isiyokwisha, au damu inayotoka baada ya miezi mingi ya ukimya kisha ikagoma kukata. Mwenye PCOS amezoea hedhi ya vurugu, na mazoea hayo humpotosha: anasema "ndivyo nilivyo" wakati mwili unasema jambo jipya. Kipimo chema ni mabadiliko. Kama vurugu ya sasa si ile uliyoizoea, nenda ukapimwe.

Kwa aliyekwisha koma hedhi, hata tone moja ni sababu ya kupimwa. Takriban 9 kati ya kila wanawake 10 wanaokutwa na saratani hii baada ya kukoma hedhi walitokwa na damu kabla ya kugunduliwa. Wakati huohuo, wengi wanaotokwa na damu umri huo hawana saratani; ni kama mmoja kati ya 11. Kwa hiyo si ya kukufanya ulie, ila si ya kupuuza. Uchafu wa majimaji yenye rangi ya damu au harufu, na maumivu ya kinena yasiyoisha, navyo vichunguzwe.

Nipimwe kila mwaka hata kama sina dalili?

Hapana. Mwongozo wa 2023 umelisema wazi: hatari imeongezeka, lakini kwa jumla bado ni ndogo, na kuwapima wote wasio na dalili hakushauriwi. Kipimo chenyewe kina gharama, maumivu na majibu ya uongo.

Wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu ni wale ambao hedhi yao imekosekana kwa muda mrefu bila matibabu, uzito umepanda sana, wana kisukari cha aina ya pili, au utando wao unaonekana mnene kila unapoangaliwa.

Daktari akishuku, atafanya nini?

Kwa kawaida huanza na altrasaundi ya ukeni, inayoona utando vizuri kuliko ya tumboni. Kwa aliyekoma hedhi, utando wa milimita 4 au chini huwa unatuliza. Kwa ambaye bado yuko kwenye umri wa hedhi hakuna namba moja ya kukata shauri, kwa sababu unene hubadilika kila wiki. Msomaji aliyeambiwa "milimita 12" asianze kulia. Aulize ilipimwa siku ya ngapi ya mzunguko.

Jibu la uhakika hutoka kwenye sampuli ya utando. Mrija mwembamba wa plastiki hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na kunyonya kipande kidogo, mara nyingi ukiwa umelala kitandani kliniki bila kupewa usingizi. Kuna mkazo kama wa hedhi kali kwa dakika chache, na wengine huumia zaidi ya hapo. Ni haki yako kuomba dawa ya maumivu kabla. Sampuli isipotosha, au damu ikiendelea, huingizwa kamera ndogo kuangalia ndani na kuchukua nyama mahali panapotiliwa shaka.

Majibu yameandikwa "haipaplasia." Ndiyo saratani?

Bado, lakini soma mstari wa pili wa majibu hayo. Haipaplasia ni kuneneka kwa utando kupita kawaida, na iko ya namna mbili zisizofanana hata kidogo kwa uzito.

Ya kwanza ni ile ambayo seli zimeongezeka lakini sura zao hazijabadilika. Uwezekano wa hii kuwa saratani ni chini ya 5 kwa 100 katika miaka 20, na mara nyingi hurudi nyuma kwa dawa. Kitanzi chenye levonojestreli ndicho kinachopendekezwa kwanza. Asiyekitaka hupewa vidonge vya projestojeni kwa angalau miezi sita. Kisha sampuli nyingine huchukuliwa kuona kama imepona, na hapa watu wengi hupotea: damu ikikaa sawa wanaona yameisha, hawarudi.

Ya pili ni ile yenye seli zilizobadilika sura. Hii ni nzito. Katika miaka 20, zaidi ya robo ya wenye nayo wanaweza kupata saratani, na kuna wanaokutwa na saratani tayari wakati kizazi kinapotolewa. Kwa aliyemaliza kuzaa, ushauri wa kawaida ni kutoa mfuko wa uzazi. Kwa anayetaka mtoto kuna njia nyingine, tunaifikia.

Hivyo vidonge vya homoni, si ndivyo vinavyoleta saratani?

Kwa saratani hii ni kinyume kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha zaidi ya wanawake 27,000 wenye saratani ya utando wa mfuko wa uzazi kutoka tafiti 36, ulikuta kwamba kila miaka 5 ya kutumia vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza hatari kwa karibu robo. Kinga hiyo iliendelea kuonekana hata miaka 30 baada ya kuacha.

Si kwamba havina upande wa pili. Hatari ya saratani ya matiti hupanda kidogo wakati wa kuvitumia, kisha hushuka taratibu baada ya kuacha. Pia vyenye estrojeni havimfai anayevuta sigara akiwa na zaidi ya miaka 35, mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimuliko. Hao wana njia zenye projestojeni peke yake, ambazo nazo huulinda utando. Ndiyo maana kuazima vidonge vya rafiki si wazo zuri, hata kama mna ugonjwa mmoja.

Natumia metformin. Imenikinga?

Metformin husaidia insulini na kisukari, na kwa baadhi ya wanawake hurudisha hedhi. Hedhi ikirudi, utando unafaidika. Lakini haijathibitishwa kuwa kinga ya saratani yenyewe. Kama unaimeza na hedhi bado haiji, usiihesabu kuwa mbadala wa projestojeni.

Kupunguza uzito kunabadilisha chochote?

Kwa aliye na uzito mkubwa, ndiyo, na pengine zaidi kuliko kwa saratani nyingine yoyote. Kila pointi 5 zinazoongezeka kwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) huambatana na ongezeko la karibu asilimia 60 la hatari ya saratani hii, awe na PCOS au asiwe nayo. Upande wa pili wa habari ni mzuri: kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wa mwili kunaweza kutosha kuanzisha tena kupevuka kwa mayai. Kwa mwenye kilo 90, hiyo ni kilo nne na nusu hadi tisa.

Niseme pia kwamba PCOS yenyewe huufanya uzito kuwa mgumu kushuka, na mwanamke aliyekwisha jaribu hahitaji kukaripiwa. Utando unaweza kulindwa leo kwa dawa wakati uzito unashughulikiwa kwa mwendo wake. Daktari anayesema "punguza kwanza kilo, ndipo urudi" kwa mtu aliyekaa miezi minane bila hedhi hajamtendea haki.

Mimi ni mwembamba. Hainihusu?

Inakuhusu kuliko unavyodhani. Hatari yako ni ndogo kuliko ya mwenye uzito mkubwa, lakini yai lisipopevuka projesteroni haipo hata kwa mwembamba. Ile kanuni ya siku 90 ni yako pia.

Dawa za kupevusha mayai zinaongeza saratani?

Zinapotumiwa kwa mizunguko michache kama inavyoshauriwa, hazijaonyesha hatari ya wazi. Letrozole, ambayo siku hizi ndiyo inayotangulizwa kwa wenye PCOS, huleta kupevuka kwa yai, na yai likipevuka projesteroni inapatikana. Mimba yenyewe ni miezi tisa ya projesteroni nyingi. Wanawake waliozaa wana hatari ndogo ya saratani hii kuliko wasiozaa.

Nimekutwa na saratani ya mwanzo kabisa na sijazaa. Lazima kizazi kitolewe?

Tiba yenye uhakika zaidi ni upasuaji wa kutoa mfuko wa uzazi, na ikigunduliwa mapema wengi sana hupona. Lakini kwa seli zisizo kali, ambazo hazijaingia kwenye msuli wa mfuko wa uzazi wala kusambaa, hospitali zenye wataalamu wa saratani za wanawake zinaweza kujaribu projestojeni ya dozi kubwa au kitanzi chenye homoni. Sampuli huchukuliwa upya kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Wengi huitikia, ila kwa sehemu kubwa ya walioitikia ugonjwa unaweza kurudi. Kwa hiyo saratani ikishaondoka, mimba itafutwe bila kuchelewa, na baada ya kuzaa kizazi hutolewa. Si njia ya mtu atakayekosa miadi.

Niondolewe kizazi mapema ili nisiwe na wasiwasi?

Kwa PCOS peke yake, hapana. Upasuaji mkubwa una hatari zake, na projestojeni hufanya kazi ya kinga bila kisu. Hesabu hubadilika kama kuna ugonjwa wa kurithi katika ukoo, hasa hali iitwayo Lynch, inayoleta saratani za utumbo mpana na za mfuko wa uzazi katika umri mdogo. Ndugu kadhaa wa damu wakiwa wamepata saratani hizo, hasa kabla ya miaka 50, mtajie daktari hata asipouliza.

Dawa za kusafisha kizazi zinasaidia?

Mfuko wa uzazi hauna uchafu wa kusafishwa. Kinachokosekana ni projesteroni, na dawa hizo za kusafisha zinazoingizwa ukeni haziileti. Madhara yake mawili ni maambukizi na kupoteza muda. La pili ndilo linaloumiza zaidi kwa mtu ambaye utando wake unaendelea kunenepa.

Ndevu zimeota kwa kasi na sauti imekuwa nzito ndani ya miezi michache. Ni PCOS ile ile?

Usidhani hivyo. Nywele za PCOS huja polepole, kwa miaka, kuanzia ujana. Zikija kwa kasi, sauti ikabadilika, kisimi kikakua au nywele za kichwani zikakatika kwa mtindo wa kiume, daktari atataka kupima testosteroni (homoni ya kiume) na kuangalia ovari na tezi zilizo juu ya figo. Kuna uvimbe nadra unaotengeneza homoni hizo, na mwingine huwa wa saratani. Hata kama uliambiwa una PCOS miaka kumi iliyopita, dalili hizi zianze kuchunguzwa upya.

Nimefika miaka 50 na hedhi imekata. PCOS imeisha?

Ile shida ya kusubiri hedhi imeisha, lakini tabia ya mwili kuhusu insulini, sukari na shinikizo la damu inaendelea, na miaka ya nyuma ambayo utando haukulindwa haifutiki. Huhitaji kupimwa kila mara kama hakuna damu. Kama unafikiria homoni za kupunguza joto la ghafla na bado una kizazi, estrojeni isitolewe bila projestojeni, iwe ni kidonge, jeli au kibandiko. Na ukimweleza daktari mpya historia yako, anza na ile miaka uliyokuwa ukikaa muda mrefu bila kuona siku zako, kwa sababu kwenye faili mara nyingi hilo halijaandikwa.